Katiba kwa Mahadhi ya Chuoni

Mume wangu Ayoub alifariki tukiwa hatujamaliza haki za binaadamu. Tulikuwa tumeshavuka usawa mbele ya sheria, tumeanza haki ya kuishi, na asubuhi ile alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliniuliza kama ilivyokuwa kawaida yake, "Haki ya kuishi?" Nikamjibu kutoka jikoni, "Zanzibar kifungu cha kumi na tatu, Muungano ibara ya kumi na nne." Akasema, "Haya, jioni utanisomea yote." Adhuhuri alianguka dukani kwake Mlandege, mbele ya friji aliyokuwa akiitengeneza, na jioni nikaletewa maiti.

Siku ile sina haja ya kuieleza zaidi ya hapo. Nitaeleza habari ya mtihani, maana ndio uliozua yote yaliyofuata katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Kidawa, huku kwetu Ng'ambo.

Siku hizi kazi ya serikali huipati mpaka ukae mbele ya karatasi. Shahada yako inakufikisha mlangoni tu. Mnaingia ukumbini watu mia na kitu, nafasi mbili tatu, na mnaulizwa katiba na mambo ya uendeshaji wa serikali mpaka mchujwe. Mwenzetu wa Bara akishaimeza katiba yake moja hulala usingizi. Sisi tuna mbili, ya Zanzibar na ya Muungano, moja ina vifungu na nyengine ina ibara, kinachokuwa namba hii huku kinakuwa namba nyengine kule, na mtunga mtihani anajua fika kuwa hapo ndipo tunapojikwaa. Mimi nilikwishajikwaa mara mbili. Mara hii ilikuwa ya mwisho, kwa sababu tangazo liliweka kikomo cha umri, na mwakani ningekuwa nimekivuka.

Ayoub ndiye aliyenishikia kitabu. Hakuwa na habari na katiba hata kidogo. Alikuwa na habari na mimi tu. Alikaa kitandani na kijitabu mkononi, anafuatisha kwa kidole, na nikiruka neno moja, hata "na", ananirudisha mwanzo. Nikimwambia maana haibadiliki ananijibu, "Sikuulizi maana." Nilikuwa nikimtukana kwa mapenzi, na yeye akicheka.

Mimi ni mzaliwa wa Mkokotoni, na kila kilichoingia kichwani mwangu kimeingia kwa njia ya chuoni: unaketi mkekani, unatikisika mbele na nyuma, unasoma kwa mahadhi mpaka ulimi uende wenyewe. Bi Riyama aliyenisomesha Kurani hakutaka mtoto afikiri. Alitaka ashike, kufikiri kutakuja baadaye. Kwa hivyo nilipokuwa skuli nilisoma jedwali la kuzidisha kwa mahadhi, na mito ya Afrika kwa mahadhi, na nilipofika chuo kikuu wenzangu wa bwenini walinihama chumba. Sina njia nyengine. Katiba zote mbili nilizisoma hivyo hivyo, nikipandisha na kushusha, nikivuta mwisho wa kifungu kama mwisho wa aya, hata aliye nyuma ya ukuta husikia mahadhi, maneno hayapati.

Baada ya kuzikwa Ayoub nikawekwa kizuka, ndivyo tunavyomwita mjane aliye edani. Nikavaa nguo nyeupe, nikapewa chumba cha uani chenye dirisha la kichochoroni, na Bi Kidawa mwenyewe akakigeuza kioo kikatazama ukuta. Mjane akae eda yake, asitoke, asijifukize, asiweke wanja, asichungulie dirishani. Niliyafuata yote. Nilimpenda yule mtu, na kama kumheshimu ni kukaa, ningekaa.

Lakini machozi hayakuja. Matanga yakaanuliwa, wageni wakenda zao, na mimi nikabaki nimekauka, naogopa hata kumtazama mama mtu usoni asije akaona. Nikinyamaza naisikia nyumba: mlango wa mbele hausukumwi, viatu havivuliwi, maji hayamwagiki bafuni. Siku moja asubuhi nikakichukua kijitabu, nikaketi mkekani, nikaanza tulipoachia. Mara nikamsikia. Si mzimu, msinielewe vibaya. Nilisikia tu pale ambapo angeniuliza, na mimi nikamjibu. Nikasoma mpaka adhuhuri, nikasali, nikarudi tena mkekani. Kesho yake vivyo hivyo.

Basi nyumba ikabadilika. Bi Kidawa, ambaye redio yake ya taarab haikuwahi kuzimwa tangu niolewe, akaizima. Akipita mlangoni kwangu anapita kwa vidole. Chai ikawa inakuja na mkate wa kumimina ubavuni, na siku nyengine uji wa pilipili manga kutoka kwa Bi Faiza, jirani yetu wa kichochoroni, mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuwahi kunipa hata chumvi. Asubuhi moja Bi Kidawa aliweka kikombe chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Usichoke, mwanangu. Mungu atakulipa."

Mimi nikafahamu hivi: mama mkwe wangu anajua kuwa nina mtihani, anajua kuwa mwanawe alitaka niupasi, na amenipa baraka zake. Nikazidisha sauti.

Yusra akaja. Huyu ni rafiki yangu tuliyesoma pamoja, naye alikuwa ameomba kazi ile ile. Alivua viatu, akanikumbatia, kisha akanionesha simu: majina ya walioitwa kwenye usaili wa maandishi yametoka, langu limo na lake limo, na mtihani ni Jumamosi baada ya arubaini ya Ayoub, katika skuli moja Mji Mkongwe.

"Utatokaje na weye kizuka?" akaniuliza.

"Nshafikiri. Kamuulize Bi Ulfat."

Bi Ulfat huwasomesha wanawake fikhi, sheria za dini, na hana mchezo. Yusra akarudi na jibu lake: mjane mwenye haja ya kweli anaweza kutoka mchana, avae nguo isiyo na pambo, asijitie manukato, na usiku usimkute nje ya nyumba yake. Yusra alipumua kama aliyetua gunia.

"Bado kwa mama mkwe wako tu," akasema.

"Mama hana neno. Kila siku ananambia nisichoke."

Ikafika arubaini, na khitma, Kurani nzima kwa ajili ya maiti, ikasomwa nyumbani. Wanawake walijaa ukumbini mpaka barazani, majuzuu yakagaiwa, kila mtu akasoma lake, na mimi nikasoma langu pembeni na nguo zangu nyeupe. Walipomaliza, kabla ya kuletwa biriani, Bi Kidawa akasimama. Si mwanamke wa kusimama mbele za watu. Alishika nguzo ya mlango.

"Nakushukuruni nyote mliokuja kumsomea mwanangu," akasema. "Lakini miye nna mtu mmoja wa kumshukuru zaidi. Nyie mmesoma leo. Huyu Nadra tangu azikwe mume wake hajanyamaza. Mchana kutwa anamsomea. Jirani zangu mashahidi."

"Wallahi," Bi Faiza akadakia, "asubuhi ile anayopandisha na kushusha, mie hukaa dirishani nikalia. Sijapata kuona mjane kama huyu mji mzima. Hebu tuambie, mwanangu, khitma ngapi ushamtilia?"

Wanawake wote wakanigeukia. Wengine walikuwa na machozi. Nilimtafuta Yusra kwa macho, nikamwona kule nyuma amejifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, naye ameshafahamu kama nilivyofahamu mimi. Nilisema kitu kama "Mungu azipokee zenu," nikainama. Wakaona ni unyenyekevu, wakazidi kulia.

Sikukila chakula kile. Nilikuwa na hasira, na sitasema uongo, hasira ya kwanza ilikuwa juu yao. Nani aliwatuma wasikilize ukuta? Mtaa huu mtu akipiga chafya wanajua alikula nini. Lakini hasira ikipoa unabaki na jambo lenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa bovu. Nikinyamaza, mimi ni mjane mwema kuliko wote, na mjane mwema haendi mtihanini. Nikisema, nitampokonya mama wa watu kitu pekee kilichokuwa kikimlaza. Nilifikiria niombe ruhusa tu bila kueleza. Lakini angeniuliza nimeusomea saa ngapi mtihani huo, na hapo ningelazimika kumtungia uongo juu ya maiti ya mwanawe. Hilo sikuliweza.

Alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, alikuja chumbani kwangu na chai mbili. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Uso wake ulikuwa umetulia kama ambavyo sikuuona tangu msiba.

"Mama, nna kitu nataka kukwambia."

"Sema, mwanangu."

"Ninachokisoma humu si Kurani."

Hakufahamu. "Ni nini basi? Uradi?"

"Katiba."

"Katiba gani?"

"Zote mbili," nikasema, na mpaka leo nikilikumbuka jibu lile sijui nicheke au nijifukie.

Nikamweleza mtihani. Nikamweleza Ayoub alivyokuwa akinishikia kitabu, nilivyozoea mahadhi tangu Mkokotoni, nilivyodhani anajua. Alikuwa akinitazama mdomo tu, kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni.

"Mchana kutwa?" akauliza.

"Mchana kutwa, mama."

"Na ile ya asubuhi? Ile ya kupandisha na kushusha, inayomliza Bi Faiza?"

"Mambo ya Muungano," nikasema. "Nchi za nje, ulinzi na usalama, polisi, uraia, uhamiaji."

Nje ya dirisha nikasikia kitu kimeanguka. Ilikuwa sufuria ya Bi Faiza. Kabla jua halijazama mtaa mzima ungejua.

Bi Kidawa alikiweka kikombe chake chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo mwanangu hakupata kitu."

"Namuombea dua kila nikisali, mama."

"Dua kila mtu anamuombea. Miye nlijua yuko anayemsomea." Akaviangalia viganja vyake. "Miye sijui kusoma, Nadra. Nlitolewa chuoni mdogo, tumefika sura ya Alhakumu, nikenda kuozwa. Nlikuwa nalala nikisema, basi, miye siwezi lakini mke wake anaweza. Nlikuwa nalala."

Ningependa niseme kuwa nililia pale. Sikulia. Nikafanya lile ambalo mtu mwenye akili asingelifanya saa ile: nikamwomba ruhusa.

"Mtihani ni Jumamosi, mama. Bi Ulfat anasema mchana inafaa. Nakuomba ruhusa yako, na radhi yako."

Akainuka. Akavichukua vikombe vyote viwili, na changu kilikuwa hakijaguswa.

"Ruhusa kashakupa Bi Ulfat, miye nani? Mlango haujafungwa. Lakini radhi usiniombe."

Asubuhi yake redio ikawashwa. Taarab ilipigwa kwa sauti ya juu mpaka vigae vikatikisika, na mwenye redio akapita mlangoni kwangu kwa visigino. Nilikaa mkekani na kijitabu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia Ayoub. Nilisikia fidla tu. Nilisoma kimya kimya kwa macho, na kilichoingia kilikuwa kinatoka upande wa pili. Mkate wa kumimina ulikoma, uji pia. Kichochoroni watoto wa Bi Faiza walipita wakitikisa vichwa na kuimba, "Poliiisi, uraiiia," na mama yao hakuwakataza.

Nilifikiria nisiende. Nilifikiri hivyo kweli, Ijumaa nzima. Ningebaki, ningemaliza eda yangu, ningesoma Kurani khitma baada ya khitma mpaka Bi Kidawa anisamehe. Kisha eda itakwisha, umri utakuwa umenipita, na mimi nitabaki katika chumba cha uani cha nyumba isiyo yangu, nikingoja huruma ya watu wenye masikio marefu. Ayoub hakunirudisha mwanzo mara zote zile ili iwe hivyo. Maji nilikwishayavulia nguo.

Jumamosi nilivaa buibui la zamani lisilo na nakshi. Bi Kidawa alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, nnakwenda."

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa chuya, moja moja.

Yusra alinisubiri njiani. Tulipita Mlandege, kwa sababu hakuna njia nyengine ya maana, na duka la Ayoub limefungwa, lakini friji ile bado iko nje barazani, mwenyewe hajaja kuichukua. Wanaume wa maduka ya jirani waliniona, wakanijua, wakanyamaza. Kizuka barabarani ni jambo la kunyamaziwa. Yusra alinishika mkono tukavuka Darajani, tukaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Ukumbini tulikuwa wengi mno. Nikageuza karatasi. Mihimili ya dola, nilijibu. Tume ya Uchaguzi, nilijibu. Mambo ya Muungano, taja kumi, niliyaandika huku nikimwona Bi Faiza na sufuria yake. Nilikuwa nikitikisika bila ya kujua, na midomo ikaanza kutoa sauti, kwa sababu kalamu yangu haiendi bila ya mahadhi. Msimamizi akaja akasimama mbele yangu.

"Dada, hapa si chuoni. Kimya, au utatoka."

Watu wakacheka. Nikauma ukaya, nikaendelea.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi kuliko yote. Eleza haki ya kuishi kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar na Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Nikaandika: kifungu cha kumi na tatu, ibara ya kumi na nne. Nikasikia, wazi kabisa, mtu anavaa viatu mlangoni. "Haya, jioni utanisomea yote." Kalamu ikasimama. Maneno yote niliyajua, mpaka kila "na". Lakini kila nilipotaka kuandika kuwa kila mtu anayo haki hiyo, mkono ulikataa, nikawa najiuliza tu: kila mtu nani? Machozi yakaja pale, yale yaliyonikataa siku zote zile yakaja pale, mbele ya watu mia na karatasi ya serikali. Yalidondoka juu ya kumi na tatu, wino ukatapakaa. Msimamizi alikuja tena, akanitazama, na mara hii akapita zake. Kengele ilipolia jibu langu lilikuwa zile namba mbili na alama ya maji.

Nilimwacha Yusra getini akilinganisha majibu na wenzake. Nilitaka kufika nyumbani alasiri haijaisha, nisije nikavunja na sharti la Bi Ulfat. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Bi Kidawa, na hapakuwa na neno lililokaa.

Nilipousukuma mlango nikastaajabu, kwa sababu redio ilikuwa imezimwa. Uani sinia la mchele lilikuwa pale pale. Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka chumbani kwangu.

Bi Kidawa alikuwa ameketi juu ya mkeka wangu, uso kibla, anatikisika mbele na nyuma. Alikuwa akisoma kwa moyo sura fupi za chini, zile tunazoanza nazo watoto, anapanda moja baada ya moja, mpaka akafika Alhakumu. Aya ya kwanza akaisoma. Ya pili akaianza, ile ya kuzuru makaburi, akakwama. Akarudi chini kabisa, akaanza upya, akapanda, akakwama pale pale. Sauti ilikuwa imeshamkauka. Sijui alianza saa ngapi.

Nikaketi nyuma yake na buibui langu. Alijua nipo, lakini hakugeuka.

"Umeyajibu?" akauliza.

"Yote, isipokuwa moja."

"Lipi?"

"Haki ya kuishi."

Mabega yake yakatulia. Mimi nikafuta uso kwa ukaya bila ya kujificha, na yeye akageuka, akaniona nilivyo, akanitazama sana. Sijui alikuwa akitafuta nini usoni mwangu siku zote zile, lakini nadhani sasa alikiona.

"Hapa nnakwama," akasema. "Miye nliishia hapa. Nitangulie."

Nikamtangulia. Nilimsomea aya ya pili kama Bi Riyama alivyonisomea mimi, kidogo kidogo, na yeye akafuata, akakosea, nikamrudisha mwanzo, akakosea tena, nikamrudisha. Mimi nalia na yeye analia, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Sauti zetu zilipanda, kwa sababu hakuna njia nyengine tunayoijua.

Kichochoroni nyayo zikasimama. Nikaisikia sauti ya Bi Faiza, wala hakuishusha.

"Hebu sikieni! Na mama mtu naye kashaanza katiba."

Wakacheka, yeye na mwenzake. Nikainuka nifungue dirisha. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mwaka mzima. Bi Kidawa akanishika buibui akanivuta chini.

"Waache," akasema. "Anayesomewa anajua."

Akakaa vizuri mkekani, akasubiri nimtangulie.